Maagizo 19 kwa dakika mbili: kisa cha kijana wa Lamu na pumzi ya kuogelea

Wacha nianze na siku yenyewe. Ilikua asubuhi, maji yamejaa na yamesimama, tuko mbele ya kijiji cha Shela, kisiwani Lamu, na kijana wa miaka 13 ambae kwa wiki tano nilikua namfundisha mtindo huru, ule wa kupokezana mikono na uso ndani ya maji. Wiki hizo tano alikua ameendelea naona kwa macho yangu, kwenye maji ya kiunoni pale karibu na mchanga alikua anapiga mikono vizuri, kiwiko juu, shingo imelegea, anageuza uso pembeni anavuta hewa anarudi. Nikaona basi yuko tayari. Tukamtoa kidogo, si mbali, boti iko kando na mwenzangu yuko ndani na boya mkononi, nikamwambia aogelee kutoka mashua moja iliyotia nanga mpaka nyingine. Mikono kumi ya kwanza sawa. Alafu likaja wimbi dogo la boti iliyokua inatoka mjini, akameza maji, na hapo hapo kila kitu kikaondoka, kichwa kikaja juu, miguu ikazama, akamalizia kwa ule uogeleaji wake wa zamani wa kichwa juu, akafika mashua ya pili anahema akanambia, "Ami, nilikua nayakumbuka yote uliyonambia, ndio yakanichanganya."

Nimekaa na hiyo kauli muda mrefu. Hakusema amechoka, hakusema ameogopa, alisema alikua anayakumbuka yote. Na alikua anasema kweli.

Kwanza mumjue kijana. Huyu si mtu wa kufundishwa maji, maji anayajua. Watoto wa mji wa Lamu maji yakijaa wanaruka kutoka ukutani pale mbele ya mji tangu hawajaanza shule, hakuna kocha, mkubwa anamwangalia mdogo na mdogo anaiga. Yeye pia anatoka baharini na ami zake, anaweza kuruka na kamba akaenda kufunga boya akarudi. Na anaogelea kichwa juu kwa sababu kazi inataka hivyo, ukiwa na kamba mkononi lazima uione mashua iko wapi, uone boti inayokuja, usikie unaloambiwa. Kwa hiyo kichwa juu si kosa, ni jawabu sahihi la swali jengine. Mi nilikosea hapa tangu mwanzo maana nililichukua kama tabia mbaya ya kung'oa.

Swali jipya ndio lilikua tofauti. Alitaka kuingia mashindano ya kuogelea ya tamasha la utamaduni la Lamu, lile lenye mbio za punda na za mashua, na kwa masafa yale kichwa juu kinakula nguvu. Mwili majini ni kama mizani, kichwa kikipanda kiuno na miguu vinashuka, na miguu ikishuka unakua unasukuma ukuta wa maji kwa kifua badala ya kupita katikati yake. Mtu mwenye misuli atakwenda hivyo hivyo lakini hatofika na pumzi.

Sasa nilichofanya. Nilisimama kwenye maji ya kiunoni na nikamsahihisha kila safari, na safari ikiwa ndefu nikamsahihisha katikati. Mwenzangu alikua amerekodi video kidogo kwa simu, na baada ya ile siku mbovu nikakaa nikaisikiliza badala ya kuiangalia. Kwenye dakika kama mbili nikahesabu maagizo 19. Kiwiko, vidole vikae pamoja, shingo, usikunje goti, bega lizunguke, kiuno juu, usiangalie mbele, toa pumzi ndani ya maji, mkono usivuke katikati ya mwili, na kuendelea. Kila moja peke yake ni sahihi, hakuna hata moja nililolitoa hewani. Lakini lile la kutoa pumzi ndani ya maji, ambalo kwa mtu anaehama kutoka kichwa juu ndio roho ya jambo lote, lilikua la 14. Limezikwa katikati ya vidole na magoti.

Kwa wasiojua, mtu anaejifunza hii kitu kwa kawaida anabana pumzi uso ukiwa ndani, alafu akigeuka anataka atoe na avute kwenye kile kinafasi kimoja kidogo. Hakitoshi. Kwa hiyo anaongeza muda kwa kuinua kichwa. Ukimwambia "usiinue kichwa" unamkataza dalili na ugonjwa umeuacha ndani.

Kwanini basi alionekana anaendelea vizuri wiki tano? Hili ndilo linalotudanganya makocha wengi. Mwaka 1984 Salmoni, Schmidt na Walter walipitia tafiti nyingi za namna watu wanavyosahihishwa wakijifunza mwendo wa mwili, na walichokiweka wazi ni kwamba masahihisho ya kila mara yanamnyanyua mtu wakati wa mazoezi lakini yakiondolewa anaweza kuanguka, kwa sababu amejifunza kuyategemea. Winstein na Schmidt mwaka 1990 wakaonyesha kwamba watu waliopewa matokeo yao kwa nusu tu ya majaribio walikuja kukumbuka vizuri zaidi kuliko waliopewa kila mara. Mi naona ni kama kumfundisha mtu kuongoza mashua na wewe umeshika usukani pamoja nae, mashua itakwenda sawa siku zote na yeye ataamini ni mkono wake. Siku ukishuka ndio mtajua. Kijana wangu alikua anaogelea vizuri kwa masikio yake, mbele ya Shela sikuwepo ubavuni mwake kumwambia, akabaki anajisomea mwenyewe orodha yangu, na orodha ya vitu 19 haisomeki katikati ya mkono mmoja na mwengine.

Ukipima ujuzi kwa vile mtu anavyofanya mwisho wa mazoezi unajipima wewe. Pima baada ya siku kadhaa hajaguswa, na pima kwenye maji mengine.

Baada ya hapo likaja bamvua, yale maji makubwa, mikondo mikali na maji machafu, tukasimama siku nane. Nikaenda nyumbani kwao kuwaambia wasimkatie tamaa. Babu yake alikua barazani, zamani alikua fundi wa vyombo vya baharini kule kijiji cha Matondoni, mkono wake bado ni wa fundi. Nikamuamkia shikamoo babu, marahaba, nikakaa nikaletewa kahawa, nikamueleza yote mpaka habari ya miguu kuzama. Akanisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Mwanangu, wewe humwambia kitwa, mkono, kiuno. Huyu ni chombo. Omo ikiinuka, tezi huzama, na tezi ikizama chombo hakendi hata upepo uwe mzuri. Mwambie asawazishe farumi yake." Basi. Akarudi kwenye kahawa yake. Omo ni mbele ya chombo, tezi ni nyuma, na farumi ni uzito unaowekwa ndani kukisawazisha.

Mi nilishawahi kusoma habari ya kufundisha kwa mfano, Liao na Masters mwaka 2001 waliwafundisha watu wasiojua kabisa tenisi ya meza mpigo wa kuuzungusha mpira, kundi moja likapewa maelekezo mengi na jengine likapewa mfano mmoja tu, wauone mwendo wa kibao cha kupigia mpira kama unachora pembetatu yenye pembe mraba. Wale wa mfano walijifunza, na walipobebeshwa kazi nyengine ya akili huku wanacheza hawakuharibika kama wale wa maelekezo. Nilikua nimeyasoma hayo na bado nikasimama majini natoa maagizo 19. Ilibidi niambiwe na mzee wa Matondoni, kwa maneno ambayo mjukuu wake ameyasikia tangu tumboni. Na hapo ndipo mfano unapofanya kazi, lazima utoke kwenye kitu mwanafunzi anachokijua mwilini. Pembetatu haingemfaa huyu kijana, omo na tezi zilimfaa kwa sababu ameshakaa kwenye mashua iliyolemea nyuma na akaona inavyokataa kwenda.

Kuna jengine ndani ya maneno ya mzee. Farumi na chombo vinaitoa akili nje ya viungo. Gabriele Wulf ndie aliyelifuatilia sana jambo hili, na anaeleza kwamba lilimjia akiwa anajifunza kugeuza ubao wenye tanga juu ya maji, akiwaza miguu yake anaanguka, akiwaza ubao unavyolala anafanikiwa. Mwaka 1998 yeye na wenzake wakatoa utafiti kwenye mashine ya kuigiza skii, ule mchezo wa kuteleza kwenye theluji, walioambiwa wawaze magurudumu chini ya miguu walijifunza vizuri kuliko walioambiwa wawaze miguu. Kwa upande wa kuogelea, mwaka 2010 Freudenheim, Wulf na wenzao waliwapima waogeleaji wa kiwango cha kati, walioambiwa wasukume maji nyuma wakaenda kasi kuliko walioambiwa wavute mikono nyuma. Mwendo ni ule ule, tofauti ni neno moja. Na mwaka 2011 Stoate na Wulf walipowapima waogeleaji hodari, wale wa kuwaza mikono wakawa wazito, ila wa kuwaza maji hawakuwa tofauti na walioachwa wafanye kama kawaida yao. Yani aliyebobea muache. Mi huyu wangu alikua kabobea kwenye maji na hajabobea kwenye mtindo, ndio maana alikua mgumu kumsoma.

Maji mafu, yale yasiyopanda wala kushuka sana, yalipoingia tukaanza upya. Niliondoa yote nikabakisha vitu vitatu, na kwa siku moja namwambia kimoja tu. Cha kwanza, chombo kilale sawa. Cha pili, maji yasukume yarudi kwenye mashua uliyotoka. Cha tatu kwa ajili ya pumzi, uso ukiwa ndani piga mapovu mpaka yaishe, ukigeuka lalia sikio kwenye maji kama umelalia mto. Sikutaja shingo tena. Sikutaja kiwiko, na kiwiko kikapanda chenyewe wiki ya pili, sikukigusa.

Alafu kuna kitu ambacho kwangu ndio kilisaidia kuliko maneno yote. Mwenzangu alikaa kwenye dau ubavuni kwa kijana, upande wa kulia, akawa anainua vidole, viwili, vitano, kimoja, na kijana akifika mwisho anataja alivyoviona kwa mpangilio. Akiinua kichwa kutazama mbele havioni vidole, akigeuka pembeni anaviona, basi hakuna haja ya mtu kumwambia geuka pembeni. Kazi yenyewe inamfundisha. Siku ya kwanza alitaja viwili kati ya sita. Na alicheka, jambo ambalo kwenye zile wiki tano sikulikumbuka kuliona.

La mwisho nililobadilisha ni maji yenyewe. Zamani tulikua pale pale kwenye mchanga, safari kumi za mkono, kisha kumi za miguu, kisha kumi za pumzi, vimepangwa kama daftari. Sasa tukavichanganya, safari moja kufuata mkondo, inayofuata kuukata, moja polepole, moja mbio, moja anavutia hewa kulia, moja kushoto, na boti ikipita hatusubiri wimbi litulie, tunaingia nalo. Siku tunayotoka mbali kidogo dau lazima liwe nae na tunaangalia saa ya maji, yakianza kutoka kwa nguvu tunarudi, hilo halina mjadala kwenye mkondo wa kati ya Lamu na kisiwa cha Manda.

Na hapa ndipo palipokua pagumu kwangu, si kwa mtoto. Alionekana amerudi nyuma. Mama yake alikuja siku ya tatu akasimama ufukweni akaangalia, akaniuliza kwa upole, "Kocha, mbona mwezi uliopita alikua anakwenda vizuri kuliko hivi?" Nikamjibu kweli, kwamba mwezi uliopita alikua anarudia kitu kimoja na sasa kila safari inabidi afikirie upya, na hiyo kazi ya kufikiria upya ndio kujifunza kwenyewe. Shea na Morgan walilionyesha hilo mwaka 1979 kwa miendo ya mkono, waliofanya kwa mchanganyiko walikua wabaya wakati wa mazoezi na wazuri walipopimwa baadae, hata baada ya siku 10. Goode na Magill mwaka 1986 wakalipeleka kwenye badmintoni kwa aina tatu za sevu, ule mpigo wa kuanzisha mchezo, wiki tatu za mazoezi, na waliochanganya wakawa bora kwenye kukumbuka na kwenye upande mpya wa uwanja ambao hawakuufanyia mazoezi. Mama sikumwambia miaka na majina, nilimwambia anipe mpaka bamvua la pili. Alinipa. Lakini naelewa kwanini makocha wengi wanarudi kwenye safari kumi kumi, mzazi akisimama pale anataka kuona mtoto anaependeza, na kocha anataka kuonekana anafundisha, na kunyamaza majini kunaonekana kama hufanyi kazi.

Kunyamaza nako kulikua na utaratibu. Tulikubaliana mi sisemi mpaka aniulize. Mwanzo hakuuliza kabisa, nadhani kwa adabu, mkubwa hafai kuulizwaulizwa. Nikamwambia hii ni kazi sio utovu wa adabu, uliza. Akaanza, na kitu nilichokiona ni kwamba aliuliza zaidi akihisi safari imekwenda vizuri, "Ami hiyo ilikua sawa?", anataka kuthibitisha. Chiviacowsky na Wulf mwaka 2002 walikuta hivyo hivyo, wanaojifunza wakiachiwa waombe wenyewe wanaomba zaidi baada ya jaribio wanalodhani ni zuri. Mi nilikua nafanya kinyume, nazungumza akikosea tu, kwa hiyo wiki tano mtoto alisikia sauti yangu ikimwambia alivyo mbaya.

Nirudi kwa mzee wa Matondoni kidogo. Siku moja nilimtazama anarekebisha upande wa dau la jirani, anapiga nyundo kwenye patasi, na kila pigo linatua pale pale ila mkono hauji kwa njia moja, mara kiwiko kimeingia ndani, mara bega limeshuka. Mrusi Nikolai Bernstein aliona hiki hiki miaka ya 1920 kule Moscow kwa mafundi wa nyundo na patasi, ncha ya nyundo inafika palepale lakini viungo vinapita njia tofauti kila pigo, na akaja kuyaita mazoezi ya kweli kurudia bila kurudia. Unarudia kulitatua jambo, hurudii mwendo. Nilipokua namtaka kijana alete mkono ule ule mara 10 nilikua namtaka afanye kitu ambacho hata fundi wa miaka 50 hakifanyi.

Matokeo. Tulikua na maboya mawili kwenye kamba ya mita 40, maana mashua zikitia nanga zinazunguka na masafa yanakudanganya. Kwa uogeleaji wake wa zamani, maji yakiwa yamesimama, alikua anatumia mikono 57. Baada ya wiki nne za utaratibu mpya akatumia 45. Alafu akaenda baharini na ami zake siku 10, hakufanya zoezi lolote, akarudi tukampima bila neno hata moja, mikono 46. Hiyo 46 ndio namba ninayoithamini, ile 45 hata mi ningeweza kumshikia.

Sasa nijikatize kabla hamjanikatiza. Huyu ni kijana mmoja. Zile wiki tano za kwanza hazikupotea zote, inawezekana sana alichota humo kitu ambacho kikaja kuiva baadae. Anakua pia, miaka 13 mwili hausubiri kocha. Na sio kila mwanafunzi anafaa kuachwa na mfano wa chombo, kwenye kundi letu kuna mtoto wa kike wa miaka tisa anaogopa kuweka uso majini, huyo anahitaji kushikwa mkono na kuambiwa hatua moja moja kwa sauti ya taratibu, na namsemesha sana, maana maneno kwake ni usalama kwanza. Fitts na Posner waliandika mwaka 1967 kwamba anaeanza yuko kwenye hatua ya kufikiri, baadae anaunganisha, mwisho inakua inajiendea. Kosa langu lilikua kumrudisha kwenye hatua ya kufikiri mtu ambae mwili wake ulishafika mbali kwenye maji.

Mashindano hakushinda, alikua katikati ya kundi. Mi nilikua kwenye boti nahesabu mara anazoinua kichwa. Maboti yalikua mengi, mawimbi kila upande, alimeza maji mara moja nikaona, akapiga mapovu akaendelea. Kichwa alikiinua mara chache tu, kifupi, kutazama mwelekeo, kisha akakirudisha, na hivyo ndivyo wanavyofanya waogeleaji wa masafa ya baharini kokote, lazima uchungulie mbele ujue unakwenda wapi. Wenzake waliofundishwa kwenye bwawa walipotea njia wawili. Ule uogeleaji wa kufunga maboya nilioutaka kuung'oa ndio uliompa hilo jicho.

Kilichobaki ni upande wa kushoto. Akivutia hewa kushoto bado anakua mzito, na kusi ikianza mawimbi yatamjia upande ambao hajauzoea. Dau litahamia kushoto, vidole vitakua vya kushoto, na tumekubaliana tunaanza maji mafu yajayo.